Volti 12 ni jina, si kipimo

Bila shaka wapo wenzangu chuoni watakaoshangaa kuona mwanaisimu akiandika juu ya paneli za sola. Isimu na sola wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba hasara inayowapata walimu, wazazi na wavuvi katika eneo hili la Maseno na ufuo mzima wa Ziwa Viktoria haisababishwi na uhaba wa jua. Jua tunalo. Mstari wa Ikweta unapita papa hapa Maseno, na mwanga unaotushukia mchana hauna mpinzani wa kutajika. Hasara hiyo, kwa maoni yangu, inatokana na maana ya maneno. Watu wananunua paneli kwa jina lake, wanaifunga kwenye kontrola kwa jina lake, kisha wanashangaa taa zinapozimika kabla ya watoto kumaliza kudurusu.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajavitumia vifaa hivi, paneli ndiyo inayogeuza mwanga kuwa umeme, na betri ndiyo inayouhifadhi umeme huo hadi usiku. Kati ya viwili hivi husimama kifaa kidogo ambacho mafundi wetu hukiita kontrola. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba betri inapata chaji ya kutosha bila kuzidishiwa. Betri ya kawaida ya risasi na asidi, iitwayo ya volti 12, hutaka kufikishwa kwenye volti 14.4 hivi ili ijae. Ikizidishiwa mno na kwa muda mrefu, maji yake hukauka na ikafa kabla ya wakati. Ikipunguziwa kila siku, nayo hudhoofika na kufa. Kwa hiyo kontrola ni mlinzi wa mali ghali ambayo mwenye nyumba huiona tu pale inapoharibika. Na mlinzi huyu hawezi kufanya kazi na paneli yoyote ile iliyookotwa sokoni.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba uhusiano kati ya neno na kitu ni wa makubaliano tu. Waswahili hawakuhitaji kwenda Ulaya kulijua hilo. Mkono mfupi wa saa ya ukutani unapoelekea kwenye 8, sisi husema ni saa mbili asubuhi, na hakuna anayekosa basi kwa sababu hiyo, maadamu wote tunaijua kanuni. Vivyo hivyo, anayenunua mbao ya mbili kwa nne akaipima kwa rula, mara nyingi atakuta haifiki inchi mbili kwa nne kamili. Ni jina la aina ya mbao.

“Paneli ya volti 12” ni jina la namna hiyo hiyo. Paneli ya wati 100 inayoitwa ya volti 12 huwa na seli 36 zilizounganishwa kwa mfuatano. Ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote, hutoa takribani volti 18. Ikiwa juani huku nyaya zake hazijafungwa popote, hufika takribani volti 22. Hakuna mahali ambapo 12 inaonekana kwenye mita! Jina hilo linamaanisha tu kwamba paneli hiyo iliundwa ili kuchaji betri ya volti 12.

Msomaji makini atauliza: mbona isitengenezwe ya volti 14 ikawa imekwisha? Sababu ni joto. Namba zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Kombewa au Luanda, saa saba mchana, seli zaweza kufika nyuzi 60. Kila joto linapopanda, volti za paneli hushuka, na zile 18 za karatasini huwa karibu 16 paani. Ukiondoa kiasi kinachopotelea kwenye nyaya, unabaki na akiba ndogo tu juu ya zile 14.4 zinazotakiwa na betri. Kumbe ile 18 haikuwa israfu.

Zamani jina hili lilitosha. Umeme wa sola ulipoanza kuingia mashambani mwa Kenya katika miaka ya 1980, ulipitia shuleni. Shule ya sekondari ya Karamugi, huko Meru, ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza za mashambani kuwekewa taa za sola katikati ya mwongo huo, katika kazi iliyowahusisha Wamarekani wawili, mhandisi Harold Burris na Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu wa kujitolea. Walimu walioziona taa hizo walizitaka majumbani mwao, na mafundi wakajifunza kwa kufunga. Katika enzi hiyo paneli za mashambani zilikuwa za kuchajia betri za volti 12. Aliyesema “nipe paneli” alipata inayofaa, kwa kuwa isiyofaa haikuwa imefika dukani.

Hali imebadilika lakini jina limebaki. Siku hizi, katika maduka yale yale ya Kisumu, zimejaa paneli kubwa za seli 60 au 72 ambazo kwa asili ziliundwa kwa ajili ya mitambo mikubwa, hasa ile inayounganishwa na gridi ya umeme. Kwa kuwa zinatengenezwa kwa wingi mno, mara nyingi bei ya kila wati ndani yake huwa chini kuliko katika paneli ndogo. Mwenye duka humwambia mteja, “Mwalimu, ongeza kidogo tu uchukue hii ya wati 330, uachane na hizi ndogo.” Mwalimu hupiga hesabu haraka, akaona kwamba 330 ni zaidi ya mara tatu ya 100, akalipa. Nyumbani ana betri ya volti 12 na kontrola ndogo aliyoinunua zamani. Nini kitatokea?

Mambo mawili yanaweza kutokea, na yote mawili ni mabaya. Ili kuyaeleza, naomba ruhusa ya kupendekeza maneno mawili. Nyuma ya paneli kuna kibandiko chenye alama Vmp na Voc. Vmp ni volti za paneli inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Mimi naziita volti za kazi. Voc ni volti za paneli wakati nyaya zake ziko wazi, hazijafungwa popote. Naziita volti za wazi. Paneli ya wati 330 yenye seli 72 huwa na volti za kazi kama 37 na volti za wazi kama 46.

Jambo la kwanza ni kuungua. Kila kontrola ina kiwango cha juu cha volti inachoweza kupokea kutoka kwenye paneli. Kontrola nyingi ndogo za betri ya volti 12 hazivumilii zaidi ya volti 25 hivi. Ukiifungia paneli yenye volti za wazi 46, umeiua. Huenda ikafa papo hapo, huenda ikafa baada ya siku chache, lakini kosa la fundi halitaonekana. Itasemekana kwamba kifaa kilikuwa bandia.

Jambo la pili ni upotevu, nao ni mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani. Tuseme kontrola inavumilia volti 50, hivyo haiungui. Ikiwa ni ya aina ya PWM, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo iliyoenea, kontrola hiyo haiwezi kugeuza volti. Inachofanya ni kuiunganisha paneli na betri na kuikatiza kwa haraka kadiri betri inavyojaa. Paneli hulazimika kushuka hadi kwenye volti za betri. Ampea zake hubaki kama 9, volti zikawa 13 badala ya 37. Zidisha: 9 mara 13 ni 117. Mwalimu amelipia wati 330 akapata 117! Lau angenunua paneli mbili za wati 100 za aina ya volti 12 akazifunga sambamba, angepata kama ampea 11, yaani wati 143. Paneli mbili ndogo zenye jumla ya wati 200 zingemshinda jitu la wati 330. Kontrola zinauzwa kwa hesabu nyepesi, lakini hesabu hii nyepesi haifanywi dukani.

Ipo aina ya pili ya kontrola, iitwayo MPPT. Hii ndiyo inayostahili paneli kubwa, maana huiacha paneli ifanye kazi kwa volti zake za kazi, kisha huzigeuza volti za ziada kuwa ampea za ziada. Wati 330 zikiingia, baada ya hasara ndogo ya ndani, betri ya volti 12 itapokea kama ampea 24. Kwa hiyo kontrola hiyo haina budi iwe na uwezo wa ampea 30. Ya ampea 20 itaipunguza paneli. Bei ya MPPT ni kubwa kuliko ya PWM, na ndiyo maana ni lazima bei ya paneli na bei ya kontrola zihesabiwe pamoja kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni.

Hata MPPT nayo ina mpaka wake. Shule inayofunga paneli mbili za seli 72 kwa mfuatano inajumlisha volti za wazi: 46 na 46 ni 92. Kontrola ya kiwango cha juu cha volti 75 itaungua. Ya volti 100 itaponea chupuchupu, kwa sababu asubuhi ya baridi volti hupanda kwa karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja iliyo chini ya 25. Hapa Maseno zile 92 zaweza kuwa 95. Anayeishi kwenye baridi ya Kericho au Limuru na aongeze tahadhari.

Kwa upande mwingine, volti zikipungua pia kuna hasara. Shule nyingi hufunga betri mbili kwa mfuatano ili kupata mfumo wa volti 24. Betri hizo hutaka karibu volti 28.8 ili zijae. Paneli ya seli 60 ina volti za kazi kama 31 kwenye kibandiko, lakini juu ya bati la moto hushuka hadi 27 au 28. Ikifungwa kwa PWM, betri hazitajaa hata siku moja, na baada ya muda zitakufa kwa njaa huku paneli ikimetameta juu. Kwa mfumo wa volti 24 wenye PWM, paneli ya seli 72 ndiyo inayofaa. Tofauti ni seli 12 tu, ambazo mwanafunzi wa darasa la tatu anaweza kuzihesabu kwa kidole. Aangalie tu asidanganyike na paneli za kisasa zilizokatwa seli nusu nusu. Hizo huonekana kuwa na 120 au 144, nazo ni sawa na 60 na 72.

Na kama majina ya paneli yanapotosha, majina ya kontrola yanapotosha zaidi. Zipo sokoni kontrola za bei ya chini zilizoandikwa MPPT kwa herufi kubwa ilhali ndani yake ni PWM. Njia ya kumbaini mwongo ni kupima. Betri ikiwa haijajaa na jua likiwa kali, pima ampea zinazoingia kutoka kwenye paneli kubwa, kisha pima zinazokwenda kwenye betri. MPPT ya kweli itatoa ampea nyingi kuliko ilizopokea. Zikiwa sawa, basi umeuziwa jina. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Katika biashara hii, jina jema laweza kukuacha gizani.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kazi ya fundi na mwananchi hana haja ya kujisumbua. Ni kweli kwamba kanuni za mwaka wa 2012 kuhusu mitambo ya sola nchini Kenya ziliweka leseni za mafundi katika madaraja ya T1, T2 na T3, na mwenye kutaka mtambo wa shule hana budi kumtafuta fundi mwenye leseni ya daraja linalofaa. Lakini tuseme ukweli. Mara nyingi fundi huitwa baada ya vifaa kununuliwa. Hukuta paneli imeegemezwa ukutani na kontrola iko mezani, akaambiwa, “Fundi, tufungie.” Akisema haviingiliani, huonekana mjuaji anayetafuta faida ya pili. Akinyamaza, hufunga kilichopo. Uamuzi mkubwa hufanywa dukani, na dukani aliyepo ni mnunuzi peke yake.

Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Hoja hii imechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Volti, wati na betri yameshakuwa maneno yetu kama ilivyo “shule”, ambayo tuliipata kwa Wajerumani na leo hakuna anayeiona kuwa mgeni. Tena hapa kwetu Kiswahili ndicho kiungo chenyewe. Mteja ni Mjaluo wa Seme, fundi ni Mnyore wa Luanda, mwenye duka ni Mhindi wa Kisumu, na wote watatu hupatana bei kwa Kiswahili. Ila kibandiko kilicho nyuma ya paneli, ambacho ndicho kinachobeba ukweli wote, hakisemi neno kwa lugha hiyo. Kijana wetu naye hufundishwa umeme darasani kwa Kiingereza, akaufaulu kwenye mtihani, kisha akasimama dukani na babake asiweze kumwambia kwa nini ile kubwa haifai.

Katiba yetu ya 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa anayoinunua. Ukiviweka vifungu hivi viwili pamoja, utaona kwamba kadi ndogo ya Kiswahili inayoandamana na kila paneli na kila kontrola si fadhila. Kadi hiyo itaje volti za kazi, volti za wazi, ampea na aina ya betri. Mamlaka zinazosimamia nishati na viwango vya bidhaa zinaweza kuitaka, na gharama yake ni karatasi.

Lakini sisi walimu hatuna haja ya kungoja serikali. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja kipindi kimoja. Waitoe paneli moja ndogo ya volti 12 uwanjani na mita moja. Wanafunzi wahesabu seli, wasome kibandiko, wapime volti za wazi asubuhi na tena adhuhuri, waandike tofauti. Kisha kila mmoja aandike kwa Kiswahili fasaha maelezo ya ukurasa mmoja ya kumwongoza mzazi wake anayekwenda kununua. Insha hiyo itakuwa na maana kuliko nyingi tunazosahihisha.

Mzazi huyo anahitaji maswali matatu. La kwanza: betri yangu ni ya volti ngapi na ya aina gani, ya asidi au ya lithiamu? Kontrola haina budi iweze kupangwa kwa aina hiyo. La pili: kontrola yangu ni PWM au MPPT, na inapokea mwisho volti ngapi na ampea ngapi? La tatu: paneli hii ina volti za kazi ngapi, volti za wazi ngapi, na ampea ngapi? Volti za wazi zisifikie mpaka wa kontrola. Kama ni PWM, volti za kazi zilingane na aina ya betri, yaani 18 kwa betri ya 12 na 36 hivi kwa ya 24. Ampea nazo zibakishe nafasi ya robo hivi. Na siku ya kufunga, betri itangulie kuunganishwa na kontrola, paneli ifuate. Siku ya kufungua, paneli itangulie kutolewa.

Wavuvi wa omena ziwani, ambao wengi wao wameziacha karabai na kushika taa za betri, wanategemea chaji ya mchana ili wapate riziki ya usiku. Mwanafunzi wa shule ya kutwa anaitegemea chaji hiyo hiyo ili asome. Fedha zinazonunua vifaa hivi ni za michango, za chama, za karo iliyobanwa, na hazirudi zikishalipwa. Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Sitaki kushindana na wahenga, ila nadhani walikuwa hawajaziona kontrola. Mwenye kwenda dukani juma hili na aigeuze paneli, asome kilichoandikwa nyuma, na aulize maswali yale matatu kwa Kiswahili bila haya. Kuuliza si ujinga.